Nimpe kitabu gani? Maswali yenu kuhusu riwaya za watoto na vijana

Kila shule zikikaribia kufungwa, maswali ya vitabu huongezeka. Nimefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka mingi na nyumbani kwangu watoto wa ndugu hawakauki, kwa hiyo ninayoyasema hapa nimeyaona kwa macho. Nimechagua maswali machache yanayofanana na mengine mengi mliyoniletea.

Mwanangu ana miaka 11, yuko darasa la sita katika shule ya mchepuo wa Kiingereza. Vitabu vya Kiingereza anasoma hata vinene, lakini cha Kiswahili nikimpa anasema ni kigumu na kinachosha. Nifanyeje? (Mama, Morogoro)

Mama, mwanao hasemi uongo. Kiswahili anachokisikia ni cha nyumbani, cha mtaani na cha katuni. Cha kitabuni hajakizoea, na mtu hapendi kitu kinachomfanya ajione mjinga. Usimwachie kitabu akapambane nacho peke yake. Msomee wewe. Miaka 11 bado ni umri wa kusomewa, hata kama atajifanya amekua.

Anza na *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert. Ni ya mwaka 1952, ni fupi, na ina kisa kinachomkamata mtoto kooni: Mfalme Rai anamtuma Ikibali kwenda Janibu kwa Adili, liwali anayesifika kwa wema. Usiku, Ikibali anamwona mwenyeji wake huyo mpole akiwachapa viboko manyani wawili. Kwa nini mtu mwema afanye hivyo? Hapo hapo funga kitabu, zima taa, sema tutaendelea kesho.

Nilifanya hivyo kwa mtoto wa dada yangu. Asubuhi nilikuwa nakoroga uji, akanifuata jikoni na kitabu mkononi, kidole kimebanwa katikati ya kurasa. Hata hajaniamkia. "Hasidi maana yake nini?" Nikamwambia ni mtu anayeumia mwenzake akipata. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe jina lake ndiyo tabia yake!" Akaenda zake kumchunguza Mwivu, yule ndugu mwingine wa Adili, kisha Adili mwenyewe. Uji wake ulipoa. Siku ile alijua kwamba maneno ya Kiswahili yanafunguka ukiyagonga, na hakuna somo la sarufi ambalo lingemfundisha hilo.

Shaaban Robert hupenda kutulia na kupamba maelezo. Ukiona mtoto anaanza kupiga miayo, ruka aya. Si dhambi.

Mpwa wangu ana miaka 13 na anapenda filamu za upelelezi kupita kiasi. Kiswahili kina riwaya za namna hiyo ambazo si za watu wazima? (Shangazi, Mombasa)

Dada, kinazo, na za kujivunia. Mtafutie Bwana Msa, mpelelezi aliyeumbwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Ya kwanza ni *Mzimu wa Watu wa Kale*, ya mwaka 1960. Bwana Ali anakutwa amekufa mzimuni na watu wanaamini mzimu ndio uliomuua. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anatafuta mkono wa binadamu. Akimaliza hiyo mpe *Kisima cha Giningi*, kisha *Siri ya Sifuri*. Mtoto anayependa upelelezi atajaribu kumtangulia Bwana Msa kufumbua fumbo, na huko kujaribu ndiko kusoma kwa makini ambako walimu tunakuhangaikia mwaka mzima.

*Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla (1965) nayo ni nzuri, fupi na ya haraka. Lakini wapelelezi Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa wasubiri kidogo. Ni riwaya zenye mwendo mkali na nimezipenda sana, ila damu na mambo ya chumbani humo si ya miaka 13.

Namlea mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 14. Tangu mama yake afariki amekuwa mkimya mno. Zamani alikuwa anasoma. Kuna kitabu cha kumsaidia? (Mjomba, Iringa)

Pole sana, kaka, wewe na yeye. Nimekaa na swali lako siku nyingi kuliko mengine yote.

Kitabu si dawa, na naomba usimpe kama dawa. Kijana aliyefiwa akikabidhiwa kitabu kwa sauti ya "soma hiki, kitakusaidia", anajua mara moja kwamba watu wazima wamechoshwa na ukimya wake. Ila ipo riwaya ambayo mimi ningeiacha mezani, karibu na anapokaa, bila kusema neno: *Siku Njema* ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996.

Msimulizi ni Kongowea Mswahili, mtoto wa Tanga. Mama yake, Zainabu Makame, ni mwimbaji wa taarabu. Mama anafariki, mtoto anabaki mikononi mwa watu wasiomtakia mema, na baadaye anafunga safari ndefu kuvuka mpaka kumtafuta baba asiyemjua, mpaka Kitale. Kongowea anasimulia mwenyewe, kwa "mimi", na ndiyo sababu naichagua. Kijana mkimya anapata mwenzake anayesema. Anaona mtu aliyebaki peke yake lakini bado anapenda lugha na bado anacheka njiani.

Kisome wewe kwanza. Kina kurasa za mateso nyumbani ambazo unapaswa kuzijua kabla yake. Akikisoma, usimuulize amejifunza nini. Kama ni lazima useme kitu, muulize Kongowea amefika wapi sasa. Asipokigusa, kiache hapo hapo mezani. Na kama ukimya unaendelea, hapati usingizi wala hali chakula vizuri, mpeleke kwa wanaojua kuwasaidia waliofiwa.

Shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 16, kidato cha tatu. Vitabu vyote tunavyosoma shuleni mtu anakufa au anapata mimba ili tujifunze. Mimi nataka hadithi ya mapenzi. Ni vibaya? (Dodoma)

Marahaba, mwanangu. Si vibaya hata kidogo, na umenichekesha kwa ukweli wako. Sisi walimu tumewalisha maonyo mpaka mmeshiba.

Tafuta *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi. Yasmin ana miaka 15 anapoozwa mwanamume wa kumzaa. Anakataa maisha hayo, anatoka, na katika Zanzibar ya wakoloni anakutana na Denge, kijana wa harakati za kudai uhuru. Humo mapenzi yapo, nyimbo zipo, hatari ipo, na msichana anaamua mambo yake, mengine vizuri na mengine vibaya. Filamu yake ya mwaka 2021 iliongozwa na Amil Shivji, lakini soma kwanza ndipo uangalie. Yapo mambo ya watu wazima humo. Kwa miaka 16 naona unaweza, ila usikifiche: mwambie mama au dada unasoma nini.

Kuhusu *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, ambayo najua mnaigombania bwenini: ilitoka mwaka 1971 na kwa muda ilipigwa marufuku shuleni, na marufuku hiyo imeizidishia wasomaji. Ni riwaya kubwa. Lakini ni nzito sana na ndani yake mtu anajitoa uhai. Ukiisoma, isome na mtu unayeweza kuzungumza naye.

Assalamu alaykum. Tupo Muscat. Nyumbani tunasema Kiswahili, lakini watoto, wa miaka 10 na 14, wanasoma Kiarabu na Kiingereza tu. Bibi yao anasikitika. Tuanzie wapi? (Baba)

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Anzieni kwa bibi! Kiswahili cha riwaya za Zanzibar ndicho alichokulia yeye. Bwana Msa niliyemtaja juu atamfaa mkubwa, na kila neno lisiloeleweka apelekewe bibi. Atakuwa kamusi, na kwa kila neno atatoa na kisa chake. Mdogo wa miaka 10 asomewe *Adili na Nduguze*. Kwa kuwa kisa hicho kina undugu na vile vya *Alfu Lela Ulela*, hatakiona kigeni.

Mkubwa akishachangamka, mpe *Kuli* ya Adam Shafi, kuhusu Rashidi na mgomo wa makuli wa mwaka 1948 bandarini Unguja. Akifika miaka 16 au 17, *Peponi*, yaani riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis na kutoka mwaka 2022. Yusuf ana miaka 12 anapotolewa kwao kulipia deni la baba yake. Ni ya huzuni, taratibu, na inazungumzia biashara ya pwani na bara kwa namna ambayo familia yenu itakuwa na mengi ya kusema baada yake.

Mwanangu anataka roketi na sayari. Kiswahili hakina? (Baba, Kisumu)

Rafu hiyo ni nyembamba, na inaniuma. Kwa kijana wa miaka 15 kwenda juu ipo *Walenisi* ya Katama Mkangi (1995): Dzombo anahukumiwa na kurushwa katika chombo ili afe, lakini anafika kwenye nchi nyingine kabisa. Jina ni fumbo, lisome polepole: wale ni sisi. Ni hadithi ya siasa iliyovaa nguo za anga, kwa hiyo mdogo itampita. Kwa mdogo, hadithi ya Alice ya Lewis Carroll imefasiriwa upya na huyo huyo Ida Hadjivayanis. Hakuna roketi humo, lakini mtoto anayependa sayari hupenda pia kutumbukia kwenye shimo la sungura.

Binti yangu anashinda anasoma hadithi za mapenzi kwenye simu, sehemu ya 1 hadi ya 90. Nimkataze? (Mama, Mbeya)

Mtoto anayefuata hadithi moja hadi sehemu ya 90 ni msomaji, mama. Usimkataze, soma naye sehemu tatu nne ujue ni nini. Kama ni chafu, sema wazi kwa nini. Kama ni ya kawaida, weka riwaya ya karatasi kando ya simu na ungoje bando liishe.

Nafundisha kidato cha pili. Nina wanafunzi 52 na nakala nne za *Watoto wa Mama N'tilie*. Nifundisheje? (Mwalimu, Singida)

Mwalimu mwenzangu, nakala nne zinatosha kama sauti yako ipo. Riwaya hiyo ya Emmanuel Mbogo imejaa mazungumzo. Gawa nakala tatu kwa wasomaji watatu, mmoja awe Peter, mmoja Zita, mmoja Mama N'tilie, na wewe shika ya nne uwe msimulizi. Badilisha wasomaji kila siku. Watoto wanaorudishwa nyumbani kwa kukosa ada na kuishia jalalani, darasani mwako hawatahitaji kuelezewa ni akina nani. Fanya hivyo hivyo na *Takadini* ya Ben Hanson: Sekai anavyotoroka usiku kumwokoa mwanawe mwenye ualbino, mpaka kwa mzee Chivero, mpiga mbira, hiyo sura ikisomwa kwa sauti darasa halikohoi.

Na nakuomba jambo moja: fani na maudhui zisubiri. Usiandike "dhamira" ubaoni kabla hadithi haijaisha. Mtihani wanaujibu vizuri zaidi wakiwa wamemlilia Zita kwanza.

Nilipojaribu hivyo mara ya kwanza, Ijumaa moja tuliishia mahali pabaya na kengele ikalia. Msichana wa benchi la nyuma, ambaye muhula mzima hakuwa amenyoosha mkono, alinifuata hadi mlangoni kuomba nakala mpaka Jumatatu. Nikamwandika kwenye daftari la kuazimisha. Jumatatu kitabu kilirudi na doa la mafuta ya taa kwenye jalada, ila aliyekileta ni kaka yake wa kidato cha nne. Alisimama mlangoni, akauliza kama ninacho kingine.