Mjukuu asiyetulia mpe kazi

Mjukuu wangu wa kiume ana miaka mitano na hajawahi kukaa kitini mpaka chai ikaisha. Mama yake anamwita mtundu. Mimi namwita mume wangu, kama bibi yeyote wa hapa Tanga, na mume wangu huyu tukimtoa matembezini siku ya Jumapili, nyumba nzima inarudi hoi isipokuwa yeye. Nayaandika haya kwa mabibi na mababu wenzangu, hasa wanaoletewa wajukuu wa likizo kutoka Dar wakiwa na nguvu za wiki nzima walizofungiwa ndani ya geti.

Acheni kumwambia "tulia". Halisaidii, na mkilisema mara ishirini mnajichosha wenyewe. Mpeni kazi. Mtoto wa namna hii miguu yake ikikosa kazi hujitafutia, na itakayoipata itakuwa ukingoni mwa maji au katikati ya barabara. Kazi yenyewe iwe ya kweli, maana wanajua mara moja ukiwadanganya.

Mahali pazuri pa kuanzia ni Mapango ya Amboni. Yako kama kilomita 8 kutoka mjini, kwa barabara ya kwenda Horohoro. Kutoka barabara kuu kuna mwendo, kwa hiyo chukueni bajaji hadi mlangoni na mpatane na dereva awafuate, la sivyo mtarudi kwa miguu na mtoto mgongoni kwa bibi. Nendeni asubuhi. Mapango yako kumi lakini wageni hutembezwa katika moja tu, na mnaingia na mwongozaji.

Mle ndani mume wangu hupewa tochi. Ndiye mwenye taa, na mwenye taa hakimbii, kwa sababu akikimbia bibi anabaki gizani na wote wanamlalamikia. Kuna vipenyo ambavyo watu wazima tunainama na pengine kutambaa, yeye anapita wima huku anatuambia tuangalie vichwa. Ni mahali pachache duniani ambapo ufupi ni cheo. Mwongozaji atawaonyesha mawe yenye sura za wanyama, na hapo mpunguzie mtoto maelezo ya chokaa iliyoliwa na maji kwa mamilioni ya miaka. Mwache atafute mamba mwenyewe.

Hadithi za pango nazo zinamkamata kuliko mkono wangu. Wanasimulia kwamba mbwa alipotelea humo akaja kuibukia kule Kilimanjaro. Waliopima miaka ya 1990 walikuta pango refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja, lakini hayo mwambieni akifika darasa la nne. Wangu anapenda zaidi habari za Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi, waliojificha mapangoni miaka ya 1950 wakisakwa na serikali ya mkoloni. Wapo wanaowaita majambazi na wapo wanaowaita mashujaa. Mtoto anataka kujua walikula nini tu.

Jambo moja mlimalize kabla ya kuingia. Humo kuna sehemu ya mzimu, watu huenda na nadhiri zao na kuacha vitu, pengine na sarafu. Mkono wa mtoto ni mwepesi kwa sarafu. Mwambie mapema kwamba vile vina wenyewe. Pia popo wapo na harufu yao ipo, na chini panateleza, basi mvisheni yeboyebo zilizobana au raba. Kandambili ziacheni nyumbani. Bibi mwenye magoti kama yangu afike pale anapoweza, kisha akae nje chini ya mti bila kuona haya.

Baada ya pango ni bahari, Raskazone, na hapa ndipo wageni wa Dar wanapokosea hesabu. Wanapanga kuogelea saa waitakayo wao, wakifika wanakuta tope na mawe, maji yako kule. Tazameni mwezi. Siku za mwandamo na za mwezi mpevu ni bamvua: maji hukupwa mbali kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Hizo ndizo siku za kuanza na Amboni kisha kuoga jioni. Wiki moja baadaye ni maji mafu, mambo yamegeuka, yanajaa asubuhi, basi anzeni na bahari. Katikati hapo, kila siku maji huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Babu yeyote aliyewahi kuvua atawapa saa bila kufungua simu.

Mkikuta maji yanapanda, kazi ipo tayari. Chomekeni kijiti mchangani hatua chache kutoka maji yalipo, mtoto awe mlinzi wake, atangaze yakifika. Yakifika, kijiti kinarudishwa nyuma. Mume wangu anaweza kulinda vijiti mpaka nikamaliza dafu langu, na njiani anajifunza kwamba bahari haimsubiri mtu, jambo ambalo kwa maneno hasikii. Maji yakiwa yamekupwa, mpeni kopo atafute kaa wadogo, lakini asiende mbali peke yake. Siku za bamvua maji hurudi kwa haraka na hujaza mikondo ya nyuma yako wakati wewe unatazama mbele.

Akiingia kuoga, awepo mtu mmoja wa kumtazama, atajwe kwa jina, kwa zamu. "Tunamwangalia wote" maana yake hakuna anayemwangalia. Kwetu zamu ya kwanza ni ya mkwe wangu, baba yake. Tena hiyo inanifaa, kwa sababu mkwe akiwa majini mimi siingii, adabu ni adabu, nakaa kivulini nikimenya machungwa ya Muheza. Kugawa machungwa ni kazi ya mtoto. Anaanza na wakubwa, anahesabu, anajikuta amejibakizia mawili.

Chakula kitoke kabla hajasema njaa. Chapati na samaki wa kukaanga vinatosha, pilipili wekeni mbali. Bebeni kanga mbili, moja ya kumkausha na moja ya kumfunga njiani.

Ondokeni akiwa bado anacheka. Kwenye bajaji ya kurudi Ngamiani kaa naye upande wa ndani, mpe kazi ya kuhesabu barabara kuanzia ya kwanza. Zipo 21. Wangu hufika nyumbani akidai ni thelathini, na dereva ndiye aliyeruka nyingine.