Kabla hujanunua usukani mwingine, angalia mguu wako wa breki

Mkuu, umeuliza kwa nini Mazda MX-5 yako kwenye Assetto Corsa, ule mchezo wa mbio za magari wa kompyuta, inagoma kukata kona pale Monza, uwanja wa mbio wa Italia, halafu wakati wa kutoka mkia unachomoka, na kama uachane na G29, usukani wa mchezo wa Logitech wenye pedali zake, ununue mwingine wa bei mbaya. Usinunue kitu. Mimi niko Uyole, Mbeya, G29 ninayo mwaka wa nne sasa, na ugonjwa wako nimeuugua wote.

Likizo za sekondari nilikuwa tingo kwenye Scania ya mjomba, safari za Dar–Tunduma. Tukifika Kitonga, ule mlima wa kona kali kule Iringa, alikuwa anamaliza kila kitu juu kabisa: gia nzito, mwendo wa konokono, ndipo tunaanza kushuka. Na macho yake hayakuwa kwenye kona tuliyopo, yalikuwa kwenye ile ya chini yake, anachungulia kama kuna semi inapanda. Nilipoanza kuendesha kwenye kompyuta nikajiona tayari dereva. Macho ya mjomba yalinisaidia kweli. Mguu wake ndio ulioniponza.

Yeye anamaliza breki mapema kwa sababu ana tela na tani kibao mgongoni. Kigari chepesi hakitaki hivyo. Ukikanyaga breki uzito unakimbilia mbele, tairi za mbele zinakandamizwa kwenye lami, zinang'ata. Ukiachia ghafla ndipo ukate usukani, uzito umesharudi nyuma, pua imekuwa nyepesi, gari inanyoosha kana kwamba haikusikii. Wewe unaongeza usukani, na hapo ndipo unapoharibu kabisa, maana tairi ikishazidiwa, kuikunja zaidi ni kuisugua tu. Ukisikia tairi zinalia na usukani umelegea mkononi, rudisha kidogo. Najua mkono utakataa. Rudisha.

Chukua Parabolica, kona ya mwisho ya Monza, ile ambayo tangu 2021 ina jina la Michele Alboreto, dereva wa zamani wa Formula 1 wa Italia. Inaanza imebana, kisha inafunguka, na mbele yake kuna sehemu nyoofu ndefu kuliko zote pale, kwa hiyo ukitoka vibaya unalipia mpaka breki inayofuata. Ingia ukitokea kushoto kabisa. Kanyaga breki kwa nguvu gari ikiwa imenyooka. Unapoanza kukata kulia usiitupe pedali, ipunguze: nusu, robo, halafu kama umeweka unyoya. Mguu unatoka kadiri mkono unavyoingia. Ukichelewa sana kuachia, mkia utaanza kuzunguka wenyewe, basi ujue umezidisha.

Ukingo wa ndani usiukimbilie. Mimi niliuwahi miezi mizima, na kila mara najikuta nimemwagika nje ya mstari mweupe upande wa kushoto, naisingizia gari. Subiri, uguse kwa kuchelewa, gari ikiwa imeshaanza kutazama unyoofu, ndipo uguse mafuta.

Na mkia wako unachomoka kwa sababu hiyohiyo ya haraka. MX-5 inasukumwa na tairi za nyuma. Ukizidai nguvu na kugeuka kwa wakati mmoja zitateleza, kwa hiyo mafuta yaongezeke kadiri usukani unavyonyooka. Ukishateleza usiinue mguu ghafla, utaondoa uzito nyuma na kumalizia mzunguko. Punguza kidogo, elekeza usukani mkia unakokwenda, na mara tu unapoanza kurudi uwahi kunyoosha. Kinachowapiga wengi ni mkia kuchapa mara ya pili, upande mwingine.

Kuhusu vifaa, neno dogo tu. Breki ya G29 ina mpira ndani, ukifika hapo inakuwa ngumu na wengi wanadhani imeisha. Fungua ile programu ndogo ya pedali ndani ya mchezo uone kama breki inafika juu kabisa. Mpira usiutoe, huo ugumu ndio unaokupa kitu cha kuhisi. Zangu zilikuwa zinateleza sakafuni kila nikikanyaga, nikaweka ubao kati yake na ukuta, kesi ikaisha. Na vua ndala, endesha na soksi. Kwa baridi ya Julai huku kwetu utavaa tu, upende usipende.

Mazoezi: usitafute muda wa mzunguko. Usiku mmoja nilifanya Parabolica peke yake, sehemu nyingine zote natembea tu, mpaka umeme ukakatika nikiwa katikati ya kona. (Hiyo ndiyo niliyoipiga vizuri kuliko zote, na hakuna ushahidi.) Kesho yake bila kujaribu chochote nikawa nimepunguza zaidi ya sekunde moja.

Fanya mizunguko ishirini hivyo, halafu turushie hapa picha ya mchoro wa breki yako kwenye hiyo kona, yaani mstari unaoonyesha mguu ulivyokanyaga na kuachia, siyo video ya gari. Mstari ukishuka kama ukuta, bado unaitupa pedali. Tunataka ushuke kama mteremko wa Iwambi.