Ishirini, Ishirini, Ishirini: Kwa Wanaoanza Wodi

Kila likiingia kundi jipya la wanafunzi wa uuguzi na utabibu kwenye wodi zetu hapa Tanga, chati huanza kufanana. Kitanda cha kwanza, pumzi 20. Cha pili, 20. Cha saba amelala mzee anayepumua kwa mabega, mdomo wazi, hawezi kumaliza sentensi, naye kaandikiwa 20. Wodi nzima inapumua kwa pamoja kama kwaya. Wadogo zetu, fiziolojia mmefaulu, vali nne za moyo mnazitaja usingizini. Haya, kaeni kidogo.

1. Pumzi huhesabiwa, na huhesabiwa dakika nzima.

Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kosa la pumzi moja linakuwa kosa la pumzi nne. Tena ujanja huo unajianika wenyewe: chati yenye 16, 20 na 24 tu, aliyeijaza ama alitumia sekunde 15 ama hakuhesabu kabisa. Shika kifundo cha mkono kana kwamba bado unahesabu mapigo, kisha peleka macho kifuani au tumboni. Mgonjwa akijua anahesabiwa pumzi, huzibadilisha. Khanga imefunika kifua? Omba ruhusa, iteremshe kidogo. Mtoto asubiriwe atulie, asiwe analia wala ananyonya. Njoo na saa yenye mshale wa sekunde.

Mipaka mnaijua, ila tuirudie: mtu mzima 12 hadi 20. Mtoto wa chini ya miezi 2, kuanzia 60 ni nyingi. Miezi 2 hadi kabla ya mwaka, kuanzia 50. Mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, kuanzia 40.

Sasa twende kwenye kosa lenyewe, maana hili linarudi kila mwaka na linaumiza. Mtoto wa miaka miwili analetwa na mama yake, siku ya tatu ya homa. Malaria ipo. Mwanafunzi anabana kipimo cha oksijeni kidoleni: 98%. Anaweka sikio kifuani: kifua safi, hakuna mlio. Anaandika pumzi 20 na kusogea kitanda kinachofuata, moyo mweupe. Angehesabu angepata 56, tena za kina, kidevu kinacheza kila mtoto anapovuta hewa.

Mapafu ya mtoto huyu hayana kosa. Kinachoamuru pumzi ni shina la ubongo, na shina la ubongo haliangalii mapafu tu, linaangalia asidi. Kaboni dioksidi ikiyeyuka kwenye maji ya mwili inazaa asidi. Vipokezi vya shina la ubongo vinaihisi, na amri inashuka kwa neva zinazotoka shingoni hadi kwenye kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu: vuta zaidi. Vipo na vipokezi vingine shingoni, penye mgawanyiko wa ateri kubwa, navyo vinahisi asidi ya damu na upungufu wa oksijeni. Kwa hiyo mtu mwenye kisukari kilichomzidi, mwenye figo zilizogoma, au mwenye malaria kali iliyojaza asidi ya lakteti mwilini, wote damu yao ina asidi nyingi, na watapumua haraka na kwa kina huku kifua kikiwa safi kabisa. Kifua safi chenye pumzi 56 kinatisha kuliko kifua chenye mlio kidogo na pumzi 30.

Na ile 98%? Kipimo kile kinasema asilimia ya himoglobini iliyobeba oksijeni. Hakisemi himoglobini yenyewe ni kiasi gani. Gramu moja ya himoglobini hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni. Mtoto mwenye damu 12, yaani gramu 12 za himoglobini katika kila mililita 100 za damu, ana karibu mililita 16 katika kila mililita 100 za damu. Mwenye damu 4 ana zaidi kidogo ya 5. Wote wawili kipimo kitawasomea 98%, wote kidole chekundu kwa mwanga wa mashine, na mmoja wao anaishi kwa theluthi ya oksijeni ya mwenzake. Basi moyo unafidia hadi unalemewa: mapigo 170, ini limeshuka, mtoto amechoka. Angalia kama viganja na utando wa ndani wa kope la chini vimepauka kabla hujasifu mashine.

Kosa huzaa kosa. Mwenye haraka anamwona mtoto ana mapigo ya mbio na mikono ya baridi, anasema mzunguko wa damu umeishiwa maji, anatundika dripu na kuifungulia yote. Hapa nendeni taratibu, kwa sababu jibu lilipatikana jirani tu. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa 2011, ulifanyika Uganda, Kenya na Tanzania, na kituo cha Tanzania kilikuwa Muheza, hospitali ya Teule. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko wa damu kulemewa. Waliomiminiwa maji ya haraka, kuanzia mililita 20 kwa kilo ndani ya saa moja, walikufa takriban 10.5% ndani ya saa 48. Ambao hawakumiminiwa, 7.3%. Wengi walikuwa na malaria, na karibu theluthi walikuwa na damu chini ya 5. Mtoto wa namna hii anahitaji damu, na aangaliwe sukari. Watoto wa kuhara hawakuwemo kwenye utafiti ule, kwa hiyo msije mkamnyima maji aliyekauka kwa kuhara mkisema mmesoma. Kila mmoja kwa mwongozo wake.

Yote hayo yangeanza kuonekana kwa kuhesabu dakika moja.

2. Presha ndiyo ya mwisho kuanguka.

Mtu mzima wa kilo 70 ana lita 5 hivi za damu. Akipoteza hadi 15%, huenda usione kitu. Kati ya 15% na 30%, mapigo yanapanda, ngozi inapoa, presha ya chini inapanda kuelekea ya juu kwa sababu mishipa imebana, lakini ile ya juu bado inasimama. Inaanguka wazi baada ya hapo, na wakati huo umeshachelewa. Mama aliyejifungua anaficha zaidi, maana mimba ilishamwongezea damu karibu nusu ya aliyokuwa nayo. Ndiyo maana ripoti ya "presha nzuri, 110 kwa 90" yenye mapigo 124 pembeni inamtoa sista kwenye kiti chake. Gawa mapigo kwa presha ya juu. Ikifika 0.9 kwa mama aliyetoka kujifungua, ita mtu. Huyu yuko 1.1. Kisha funua shuka uangalie chini yake, pedi na godoro. Damu haiandikwi kwa kusikia.

Kuhusu mkanda wa presha: usifungwe juu ya mkono wa baibui, mgonjwa akae dakika 5, mkono usawa wa moyo, miguu isipishane, msipige soga. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unasoma juu kuliko ukweli.

3. Mkojo ni ripoti ya moyo.

Figo mbili hupokea karibu moja ya tano ya damu yote inayotoka moyoni, huchuja lita 180 hivi kwa siku na kurudisha karibu zote. Damu ikipungua, figo huwa miongoni mwa viungo vya kwanza kubaniwa. Mtu mzima atoe angalau mililita 0.5 kwa kilo kwa saa, yaani wa kilo 60 atoe 30. Mkiona mfuko wa mkojo mtupu, angalieni kwanza kama mpira wake umekunjika au mgonjwa ameulalia. La pili ni la huku kwetu: shangazi wa mgonjwa, mtu wa usafi na heshima zake, ameumwaga mfuko saa kumi na moja alfajiri na kuusuuza, kisha amekaa. Hakukosea, hakuambiwa. Mwambieni ndugu siku ya kwanza kabisa, na mpeni chombo chenye alama.

4. Mashine nazo zina mambo yake.

Kipimo cha oksijeni hupotea kwenye kidole cha baridi, na piko nyeusi ya bibi harusi huweza kukivuruga. Hamia kidole kingine au ndewe ya sikio. Aliyelala na jiko la mkaa ndani, mvua za masika zikinyesha na madirisha yamefungwa, anaweza kusoma 99% huku anakufa, kwa sababu mashine haitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyoshikwa na monoksidi ya kaboni. Mpe oksijeni kwa maelezo ya ndugu, namba isikuzuie.

5. Aliyebadilika fahamu, sukari kwanza, hata kama kila mtu ameshasema ni malaria ya kichwani. Ubongo hauna akiba ya maana ya sukari. Nawisha kidole kwa maji na sabuni, kikauke, ndipo utoboe. Pamba ya spiriti peke yake haitoshi. Msimu wa machungwa ya Muheza mgonjwa anamenya mwenyewe kitandani, mnatoboa kidole kilekile, inatoka 18, na mtu anakimbilia insulini. Nawisha, rudia, upande mwingine wa mkono.