Kabla hujanunua kompyuta ya steshenari, anza na kibodi na skana

Vijana wanaotaka kufungua steshenari hapa Kigoma huniuliza swali lile lile: ninunue kompyuta yenye RAM kiasi gani? Nami huwauliza: wateja wako watakuja wameshika nini? Kaa siku nzima kwenye duka lolote la kuchapa pale Mwanga utaona. Mama kaleta barua aliyoiandika kwa mkono. Kijana kaleta vyeti vya kidato cha nne na cha sita viingizwe kwenye mfumo wa maombi ya ajira. Mwanafunzi anaomba mkopo wa chuo na siku ya mwisho imekaribia. Kwa kazi hizo kompyuta ya miaka kumi iliyopita haichoki. Anayechoka ni wewe, na vinavyokuchosha ni vile vifaa vya kuingizia: kibodi, mausi, skana. Watu wanamaliza hela kwenye prosesa na printa, halafu hivyo vingine wanaviokoteza kwa chenji iliyobaki. Mimi nashauri kinyume chake.

Kibodi ndiyo nitakayoisema kwa urefu, maana ndiyo inayokulisha. Nilisomea uhazili Tabora, na pale tulifundishwa kuchapa bila kuangalia vidole: vidole vya shahada vinatulia juu ya F na J, zile herufi zenye kinundu kidogo, na vingine vinajipanga kuanzia hapo. Mpangilio huo wa herufi ulikuja na taipureta zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1874, na waliozitengeneza hawakuwa wakifikiria Kiswahili. Herufi A wameiweka chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Sasa hesabu mwenyewe: neno "anapatikana" lina herufi 11, na 5 kati ya hizo ni A. Kwa anayechapa Kiswahili kutwa nzima, kidole dhaifu kuliko vyote ndicho kinachobeba mzigo mkubwa.

Kwa hiyo ukienda kununua kibodi, usiridhike kuona taa yake inawaka. Bonyeza A kwa kidole kidogo, mara nyingi, haraka haraka. Ikiwa nzito, au inazama upande mmoja, iache dukani. Kitufe kirefu cha nafasi kibonyeze kwenye ncha zake pia, siyo katikati tu, kwa sababu za bei ya chini hukwama kwenye ncha. Kisha fungua ukurasa mtupu na upige kila kitufe, mstari kwa mstari, kabla hujalipa. Angalia na maandishi: kama herufi zimepakwa rangi tu juu ya plastiki, A itafutika kabla ya nyingine zote, na msaidizi wako asiyejua kuchapa bila kuangalia atapata tabu.

Kibodi nyingi tunazoziona madukani zina mpira laini chini ya vitufe. Ni nyepesi, hazipigi kelele, bei yake inavumilika, na chai ikimwagika hasara siyo kubwa. Ubaya wake ni kwamba ule mpira unalegea kadiri siku zinavyokwenda, na kitufe kinaanza kukulazimisha ubonyeze kwa nguvu. Aina ya pili ina swichi yenye springi chini ya kila kitufe. Watengenezaji huzikadiria mibonyezo makumi ya milioni kwa kila kitufe, na kidole kinajua mara moja kwamba herufi imeingia. Lakini ni ghali, zina kelele, na huku kwetu mara nyingi utaagiza kutoka Dar es Salaam. Kama kazi yako ni kuchapa ripoti na tasnifu, nunua hiyo ya springi na hutajuta. Kama ni steshenari ya kila kitu, chukua ya mpira iliyo nzuri, yenye waya, yenye tarakimu upande wa kulia, na uweke nyingine ya akiba kabatini. Zile tarakimu za pembeni usizidharau. Siku utakapoletewa daftari la kikundi cha kukopeshana lenye michango ya wanachama wote, ndipo utakapojua thamani yake.

Jambo linalotuhusu sana sisi wa Kigoma kuliko wenzetu wa mikoa mingine: laptopu zinazotoka upande wa Bujumbura na Kongo. Nyingi ni nzima na bei yake inavutia, ila zina kibodi ya Kifaransa. Humo A na Q zimebadilishana mahali, Z na W vilevile, na M imehamishiwa kulia kwa L. Tazama ni herufi zipi hizo: A, M, W, Z. Kiswahili kimejaa wa, za, ma, mwa; kila unapotaka kuandika "watu wazima" vidole vinakwenda kusiko. Tarakimu nazo hazitoki mpaka ushikilie Shift, jambo linaloumiza sana kwenye hesabu. Unaweza kuingia kwenye mipangilio ukaweka mpangilio wa Kiingereza, na mashine itatii, lakini yaliyoandikwa juu ya vitufe hayatabadilika. Anayechapa bila kuangalia hatasumbuka. Mteja anayetaka kujazia fomu yake mwenyewe atasumbuka sana.

Hata hivyo, nashauri kila steshenari iliyo karibu na bandari au stendi iwe na kibodi moja ya Kifaransa ya kuchomeka. Wageni wetu kutoka Bujumbura, Uvira na Kalemie wanakuja na barua za Kifaransa, na kwenye kibodi yao é inatoka kwa kubonyeza kitufe cha 2, è kitufe cha 7, ç kitufe cha 9. Kwenye kibodi yetu utahangaika kuitafuta kila alama. Mteja akiona umemletea kibodi aliyoizoea, barua inakwisha haraka na kesho atamleta mwenzake.

Laptopu zilizotumika Uingereza nazo zina kituko chake, kidogo tu: alama ya @ na ile ya kunukulia maneno (") zimebadilishana ukilinganisha na za Kimarekani. Ukiona barua pepe ya mteja inakataliwa, anza kuangalia hapo.

Mausi haina maneno mengi. Tangu mtafiti wa kompyuta Douglas Engelbart na wenzake walipounda ya kwanza, ya mbao, huko California miaka ya 1960, kazi yake ni ile ile. Za siku hizi zina kamera ndogo tumboni inayopiga picha za meza mfululizo na kuzilinganisha ili ijue umesogea wapi. Ndiyo maana juu ya kioo au marumaru inayong'aa mshale unarukaruka: kamera haioni alama za kulinganisha. Weka karatasi ya A4 chini yake, tatizo limekwisha. Ya waya haihitaji betri na haiibiwi kirahisi. Udhaifu wake ni waya kukatikia ndani pale unapoingilia. Isiyo na waya inapendeza mezani, lakini kile kipokezi chake kidogo kinachochomekwa kwenye USB kikipotea, mara nyingi mausi nzima inakuwa pambo. Dukani weka ya waya. Kile kibao cha kugusia kwenye laptopu ni cha safarini, ndani ya treni au kwenye boti. Usikitegemee kupanga jedwali la kurasa nyingi.

Skana sasa. Hapa ndipo vijana wengi hubana hela mahali pasipofaa. Wanasema simu inatosha. Simu inafaa kweli kwa dharura: umeme umekatika, mteja ana haraka, mwanga wa mlangoni ni mzuri. Programu za simu zinanyoosha kona na kutengeneza PDF safi. Lakini vyeti vingi vinakuja vimepigwa laminesheni, na laminesheni inarudisha mwanga; utakuta doa jeupe limekaa juu ya namba ya mtahiniwa. Tena picha ya kitambulisho cha mtu inabaki kwenye simu yako, pamoja na picha za familia yako. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, cheti cha mtu ni amana. Ukishamtumia, futa mbele ya macho yake.

Skana ya kioo bapa ndiyo naiamini. Zile nyembamba zinazopata umeme kupitia waya wa USB zinafanya kazi hata kwa betri ya laptopu, na hilo kwetu ni jambo kubwa. Kasoro yake ni kwamba zinaona vizuri kile tu kilicholala sawasawa juu ya kioo. Kitabu kinene, pale katikati kurasa zinapokutana, kinatoka na ukungu. Mashine za pamoja, zenye printa na skana, zinaokoa nafasi, ila baadhi yake wino ukiisha zinagoma hata kuskani. Na zile zenye trei ya juu inayovuta karatasi yenyewe ni nzuri kwa rundo la karatasi mpya. Cheti cha kuzaliwa cha zamani, kilichokunjwa mara nne, usikiweke huko kamwe. Kikichanika, mwenye nacho ana safari ndefu ya kukipata kingine.

Kuhusu ubora: doti 300 kwa inchi zinatosha kwa cheti. Ukurasa wa A4 kwa kiwango hicho ni doti 2480 kwa 3508. Ukipandisha hadi 600, doti zinakuwa mara nne, faili linavimba, na mifumo ya maombi ina kikomo cha ukubwa. Nimeona watu wanalaumu intaneti wakati faili lao lenyewe ndilo halipiti. Barua ya kawaida iskani nyeusi na nyeupe. Cheti chenye muhuri kiache na rangi zake.

Visoma alama za vidole tumevizoea tangu usajili wa laini ulipoanza kudai vidole mwaka 2019. Ni vya haraka na mtu hahitaji kukumbuka nywila. Lakini mvuvi wa Kibirizi anayevuta kamba usiku kucha, au mama anayekamua mawese, mistari ya vidole vyake imesagika. Usimfokee. Mpe maji na sabuni, akauke, ufute kioo, ujaribu kidole kingine. Skrini za kugusa nazo zinakataa kidole kilicholowa, kwa sababu zinahisi jinsi kidole kinavyobadilisha chaji ndogo ya umeme iliyoko kwenye skrini, na maji yanazichanganya.

Mashine ya kusoma msimbopau, ile mistari myeusi kwenye pakiti, ni ya duka la dawa au la vipodozi. Kompyuta inaiona kama kibodi tu: inapiga tarakimu halafu inabonyeza Enter. Kama bidhaa zako ni dagaa wa kupima na mawese ya chupa iliyotumika, hazina msimbo. Hela hiyo iweke kwenye skana.

Limebaki la kuchapa kwa sauti, yaani unasema na kifaa kinaandika. Google waliongeza Kiswahili kwenye huduma yao mwaka 2017, na kwa mtu anayeumwa viganja, au mzee asiyeona vitufe vizuri, ni msaada mkubwa. Inataka intaneti na mahali tulivu, kwa hiyo pembeni ya stendi haifai. Kiswahili cha kawaida inakipata vizuri. Majina ya sehemu zetu ndiyo inayoyaharibu. Mtu akitamka Manyovu, Kalinzi au Buhigwe, soma kilichotokea kwenye skrini, urekebishe kwa kibodi, ndipo uprinti.