Nadharia za mahusiano ya kimataifa: anzia Ruzizi, usianzie kwenye majina

Kila mtihani unapokaribia, wanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hunijia na noti zilizojaa majina ya wananadharia: Morgenthau, Waltz, Keohane, Wendt. Majina wanayajua kwa moyo, na miaka ya vitabu pia. Ukiwauliza watu hao wanabishania nini, wananyamaza. Ushauri ninaowapa siku zote ni huu: chukua kisa kimoja unachokijua vizuri, kilicho karibu nawe, ukiulize maswali ya kila nadharia mpaka uone ipi inakwama na inakwama wapi.

Dhana za msingi zije kwanza, maana bila hizo utapotea mapema. Dola si serikali, na serikali si taifa. Mkataba wa Montevideo wa 1933 unaitaka dola iwe na vitu vinne: wakazi wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Tangu 1960 nchi yetu imebadili marais, katiba na hata jina, lakini dola ni ile ile. Hata serikali inapopoteza udhibiti wa mji, kama ilivyotokea hapa Februari 2025, kiti cha Kongo kwenye Umoja wa Mataifa kinabaki cha Kongo. Mwaka 1982 Jackson na Rosberg walitumia tofauti hiyo, kati ya dola inayotambuliwa kisheria na dola inayotawala kweli, kueleza kwa nini dola dhaifu za Afrika hazifutiki kwenye ramani. Kwa mwanafunzi wa Kivu, hiyo ndiyo dhana ya kushika kabla ya nyingine zote.

Dhana ya pili ni kwamba juu ya dola hakuna serikali. Kuna mikataba, kuna mahakama, lakini hakuna polisi wa kuikamata dola. Ninaifundisha kwa kesi mbili. Juni 1999 Kongo ilizishtaki Uganda, Rwanda na Burundi mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Mashtaka dhidi ya Rwanda na Burundi yaliondolewa 2001, na yale ya Rwanda yakafunguliwa upya 2002. Desemba 2005 mahakama iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria ya kimataifa kwa kutumia nguvu Kongo. Februari 2006, mahakama hiyo hiyo ikasema haina uwezo wa kusikiliza kesi dhidi ya Rwanda. Uganda ilikuwa imekubali mamlaka ya mahakama tangu 1963, Rwanda haikuwa imekubali. Inauma, hasa kwa sisi tulio ng'ambo hii ya Ruzizi, mto wa mpaka wetu na Rwanda, lakini hapo utaelewa maana ya dola huru kuliko kwa kukariri ukurasa mzima wa noti.

Sasa leta nadharia. Mfuasi wa uhalisia, nadharia inayotazama nguvu na maslahi ya dola, atakwambia si ajabu. Waltz aliandika mwaka 1979 kwamba pasipo mamlaka ya juu kila dola hujitegemea kwa usalama wake, kwa hiyo tazama nani ana nguvu kiasi gani. Vijana wetu wengi wanaipenda nadharia hii kwa sababu wamekulia vitani, nami siwalaumu. Ila nawauliza: mwaka 2022 mahakama iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola za Marekani milioni 325, na Septemba mwaka huo Uganda ikalipa sehemu ya kwanza, milioni 65. Nani aliilazimisha? Mfuasi wa uhalisia atajibu kwamba majeshi ya Uganda yalikuwa tayari yamerudi Kongo mwishoni mwa 2021 kwa ridhaa ya Kinshasa, na kwamba fedha hizo ni bei ndogo ya kulinda maslahi hayo. Mliberali, anayeamini kwamba taasisi huzisaidia dola kushirikiana, atasema dola zinazojua kwamba zitakutana tena kesho zinajali sifa yao, na taasisi ndizo zinazoitunza kumbukumbu. Majibu yote mawili ni mazito. Mwanafunzi anayeweza kuyatetea yote mawili ameshaelewa.

Mliberali ana mfano mwingine wa hapa hapa. Bwawa la umeme la Ruzizi II lilianza kazi 1989, na SINELAC, kampuni inayoliendesha, ni mali ya Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja. CEPGL, jumuiya ya kiuchumi ya nchi hizo tatu iliyoundwa 1976, ililala miaka mingi baada ya misiba ya 1994 nchini Rwanda, na vita vikafuata, lakini kampuni haikuvunjwa. Uhalisia peke yake unapata taabu hapo.

Wendt, na nadharia ya konstraktivizimu, inayosema urafiki na uadui hujengwa na fikra za watu, anauliza swali la mapema zaidi: nani alisema huyu ni adui? Mfano wake maarufu ni kwamba silaha 500 za nyuklia za Uingereza haziiogopeshi Marekani kama tano za Korea Kaskazini. Kwetu, soma sheria za uraia. Ile ya 1981 iliangalia mababu wa nani walikuwa ndani ya mipaka mwaka 1885. Ile ya 2004 iliangalia 1960. Watu ni wale wale, tarehe ndiyo iliyobadilika, na pamoja nayo nani anahesabiwa kuwa mwenzetu. Jambo hili linajadiliwa kwa hasira mjini, kwa hiyo ukiliandika, liandike kwa heshima.

Nadharia za utegemezi, za akina Samir Amin na Walter Rodney, zinazosema umaskini wa nchi nyingine unatokana na uhusiano wao na nchi tajiri, zitakufaa ukiandika juu ya madini. Watu wa Lubumbashi, mji wa migodi, wanazihitaji kuliko sisi.

Wanaoandaa kazi ya mwisho wa masomo, msichague nadharia kabla ya kuwa na swali. Na someni hukumu zenyewe, ziko kwa Kifaransa kwenye tovuti ya mahakama, bure. Anzeni na ile ya 2006, ni fupi kuliko ya 2005. Fuateni jinsi majaji wanavyopekua mkataba mmoja baada ya mwingine, wa mauaji ya kimbari, wa ubaguzi wa rangi, hadi katiba ya Shirika la Afya Duniani, wakitafuta mahali Rwanda ilipokubali kushtakiwa, wasipate.