Gari limegongwa kidogo, usukani umebadilika: majibu kwa wasomaji

Niligonga ukingo wa barabara kwa tairi la mbele kushoto. Sasa ili gari linyooke, lazima nishike usukani ukiwa umepinda. Fundi anasema nifanye alaimenti tu. (Msomaji, Tabata)

Dada, usikubali kabla hajakuonyesha kilichopinda. Mashine ya alaimenti hupima pembe za magurudumu, hainyooshi chuma. Kwenye magari madogo mengi tunayoendesha, kama IST na Passo, kinachorekebishwa mbele kwa kawaida ni mwelekeo wa matairi tu, kwa kuzungusha tairodi, ile fimbo ya chuma inayounganisha usukani na gurudumu. Gurudumu likiegemea ndani au nje kuliko mwenzake baada ya kugonga, kuna kitu kimepinda: amu ya chini (mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwa chini), shokapu, au kile chuma kinachobeba beringi. Fundi akizungusha tairodi peke yake, usukani utarudi katikati, utaondoka na furaha, kisha tairi litaanza kulika upande mmoja.

Gari lipandishwe. Linganisha thredi (mikato ya skrubu) zinazoonekana kwenye tairodi ya kulia na ya kushoto. Zikipishana sana, huenda kuna tatizo lililofichwa. Omba karatasi ya vipimo, ya kabla na ya baada. Mimi nisingeacha gari langu kwenye kituo kisichotoa karatasi hiyo.

Na tairodi iliyopinda hainyooshwi kwa moto wala kwa nyundo, inabadilishwa. Naliona hili likifanywa mno gereji za mitaani na linaniuma, maana tairodi ikikatika mwendoni, gurudumu moja halikutii tena hata ukikata usukani vipi.

Tangu nigongane na bajaji, gari linavuta kushoto. Nianzie wapi?

Anza na upepo, pima matairi yote yakiwa ya baridi. Kisha kumbuka kwamba tunaendesha kushoto na barabara nyingi zimeinama upande huo ili maji yatoke, kwa hiyo kuvuta kidogo sana ni kawaida. Jaribu mahali tambarare. Likiendelea, badilishana matairi ya mbele, la kulia liende kushoto, ilimradi si yale yenye mshale wa mwelekeo. Gari likigeuka na kuvuta kulia, ubaya uko kwenye tairi. Lisipobadilika, rudi kwenye jibu la kwanza, ila kagua pia breki: rimu moja ikiwa na joto kali kuliko nyingine, breki yake haiachii.

Niliingia shimoni. Nikifika kilomita 90 kwa saa usukani unatetemeka.

Rimu imepinda au balansi, yaani ulinganifu wa uzito wa gurudumu, imetoka. Kagua ubavu wa tairi, na upande wa ndani pia. Ukiona uvimbe, nyuzi za ndani zimekatika. Tairi hilo halizibiki, usilipeleke safari.

Nasikia "ko ko" nikipita matuta, lakini gari linanyooka vizuri.

Mara nyingi ni linki ya stebilaiza (kifimbo cha chuma kinachosaidia gari lisilale upande kwenye kona) au bushi, zile raba za kwenye viungo. Hata hivyo pima. Inua gurudumu kwa jeki, weka stendi, kisha shika tairi pande mbili, kulia na kushoto, ulitikise. Likicheza, shuku tairodi. Shika juu na chini. Likicheza hivyo, ni boljointi (kiungo cha duara kinachoshika gurudumu na kuliruhusu kugeuka) au beringi. Boljointi iliyolegea haisubiri mwisho wa mwezi, ikichomoka gurudumu linalala.

Nimegongwa nyuma kwenye foleni. Aliyenigonga anataka anilipe bampa tumalizane.

Kaka, msimalizane bado. Chukua futi kamba, nyoosha usukani, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kulia na kushoto. Vipimo vikipishana kwa zaidi ya sentimita moja, peleka gari likapimwe magurudumu yote manne, na gharama hiyo iingie kwenye makubaliano yenu.