Namba za SCADA zinapotea na kurudi: tununue PLC mpya?

SWALI: Mzee Fundi, pokea salamu kutoka Muhoroni. Mimi ni fundi wa vyombo vya kupimia katika kiwanda cha sukari, huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Tuna laini moja ya Modbus ya RS-485 (waya mbili za data ambazo vifaa vyote hutumia kupeleka vipimo; Modbus ndiyo lugha yao) inayotoka chumba cha udhibiti, inapita kwenye boila hadi upande wa sukari, kama mita 400 hivi, na ina vifaa kumi. Miezi miwili iliyopita tuliongeza mita ya umeme karibu na sentrifuji, zile mashine za kuzungusha sukari ili itengane na molasi. Tangu hapo namba kwenye skrini za SCADA, programu inayotuonyesha vipimo vya kiwanda, zinageuka kijivu kwa sekunde kadhaa kisha zinarudi. Siku nyingine mara ishirini, siku nyingine hakuna kitu. Kila nikimwita mkubwa aje aone, kila kitu kinafanya kazi. Tumebadilisha kadi ya mawasiliano na kuweka programu upya, wapi! Sasa meneja anasema tununue PLC mpya, ile kompyuta inayoendesha mitambo. Nianzie wapi?
*Msomaji, Muhoroni*

JIBU: Kijana wangu, mzuie meneja kwanza. Barua yako yenyewe imetaja kitu kimoja kilichobadilika, nacho si PLC.

Nakuelewa unavyojisikia ukimwita mkubwa na hitilafu ikajificha. Nilipitia hayo katika kiwanda cha chai huko Nandi. Joto la makaushio lilikuwa likipotea kwenye skrini, nami nikabadilisha vigeuzi viwili vya mawasiliano, nikailaumu programu wiki nzima. Aliyeniokoa ni mama mmoja aliyekuwa akiandika joto kwenye daftari la zamu. Kila skrini ilipokosa namba yeye alichora kistari. Nikakaa na daftari lake, nikaona vistari vyote viko kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa mbili asubuhi. Nikafuata waya hadi kwenye kisanduku cha viungo nje ya ukuta: kifuniko hakikubana, umande uliingia usiku, shaba ilikuwa imeota ukijani. Jua likitoka, kisanduku kinakauka, mawasiliano yanarudi, nami nafika saa tatu nakuta mambo shwari.

Kwa hiyo kabla hujagusa bisibisi, tafuta ratiba ya hitilafu yako. Linganisha saa ya kompyuta na saa yako ya mkononi, maana mara nyingi hazipatani. Kisha kwa siku tatu andika kila namba zinapogeuka kijivu, na pembeni uandike nini kilikuwa kikiendelea: sentrifuji zilikuwa zikizunguka? Mvua ilinyesha? Huko kwenu mvua za radi za mchana ni jambo la kawaida, usizisahau. Mimi nashuku sentrifuji. Mota zake huongeza kasi na kufunga breki kwa kila mkupuo wa sukari, na zikiwa zinaendeshwa na draivu za kubadilisha kasi, kelele ya umeme inayotoka humo ni kali sana. Siku zile ambazo hakuna kitu, uliza kama upande wa sukari ulikuwa umesimama.

Sasa ile mita mpya. Laini ya RS-485 inataka rezista (kizuizi kidogo cha umeme) ya ohm 120 mwanzoni na nyingine mwishoni, basi. Mita nyingi huwa na swichi ndogo ndani inayowasha rezista yake, na fundi mwenye haraka huiacha imewashwa hata kama mita iko katikati ya laini. Hapa huna haja ya kubahatisha. Zima vifaa vyote vya laini hiyo, weka multimita kati ya waya mbili za data. Ukisoma karibu ohm 60, rezista ni mbili, vizuri. Ukisoma 120, moja imekosekana au waya umekatika mahali. Ukisoma 40, ziko tatu, na mimi ningeenda moja kwa moja kwenye mita mpya.

Ukiwa hapo, tazama waya wake umepita wapi. Je, mliutoa tawi refu kutoka kwenye laini kuu? RS-485 hupenda kwenda kifaa hadi kifaa, si kuchipua kama mti. Je, umelala trei moja na kebo za draivu? Utenge angalau sentimita 30, na pale lazima zikutane, zikatane kwa pembe mraba. Ule wavu wa chuma unaofunika waya za data uunganishwe na athi upande mmoja tu. Ukifungwa pande zote mbili, umeme wa tofauti za athi hupita ndani yake, na katika mita 400 tofauti hizo zipo.

Kuna hesabu moja ningependa uifanye mwenyewe, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini namba *zote* hugeuka kijivu ilhali kinachosumbua ni kifaa kimoja. Tuseme laini yenu inakwenda kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Swali la kusoma rejista 20 (nafasi ambazo kifaa huweka namba zake) lina baiti 8, jibu lina baiti 45. Kila baiti huchukua zaidi kidogo ya milisekunde moja. Kwa hiyo kifaa kizima hujibu kwa sehemu ndogo ya sekunde, na vyote kumi vinaweza kuzungukwa kwa takriban sekunde moja. Lakini kama programu imewekwa isubiri jibu sekunde moja na kujaribu mara tatu, mita moja ikinyamaza imekula sekunde tatu, na wenzake tisa wanangoja foleni. SCADA inaona namba zao zimezeeka, inazipaka kijivu. Zima usomaji wa mita hiyo kwenye programu kwa zamu nzima. Zile nyingine zikitulia, umeshampata.

Usidanganyike na neno "hakuna jibu" kwenye ripoti ya programu. Kifaa cha Modbus kikipokea swali lililoharibiwa na kelele hakijibu chochote, kinakaa kimya tu. Kimya hakimaanishi kifaa kimekufa.

Na suala la vifaa viwili kupewa anwani moja, yaani namba ile ile ya kuitiwa kwenye laini, usipoteze muda nalo. Hilo lingewasumbua kila siku, sentrifuji zikizunguka zisizunguke.

Kupima ohm, subiri siku kiwanda kimesimama kwa matengenezo. Hata kuzima usomaji wa mita usifanye kimyakimya. Laini yenu inapita boila, na mtu wa boila huenda amezoea kuangalia kiwango cha maji kwenye skrini. Nenda mpaka aliposimama, mwambie unachofanya na utamaliza saa ngapi, na macho yake yawe kwenye kioo cha maji cha boila yenyewe mpaka urudi kumwambia umemaliza.